Boriti ya Nyota Katika Ujana wa Ulimwengu

Siku ya Krismasi ya mwaka 2021, saa tisa na dakika ishirini alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, roketi ya Ariane 5 iliondoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba darubini ya James Webb. Karibu nusu saa baadaye darubini iliachana na roketi, ikakunjua paneli yake ya sola na kushika njia peke yake. Wahandisi waliokuwa wakiisubiri walikaa Baltimore, Marekani, upande wa pili wa dunia. Kituo kilichowaunganisha nayo wakati huo kilikuwa Malindi. Amri za kwanza walizozituma kwa darubini hiyo zilipitia antena iliyopo kwenye pwani ya Kenya.

Pwani hiyo ilikwishazoea mambo ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksi kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Kwa heshima ya siku yenyewe ikapewa jina la Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya unajimu vya dunia nzima hadi leo.

Karibu miaka miwili baada ya ile Krismasi, tarehe 8 Novemba 2023, jarida la sayansi la Nature lilichapisha kazi ya timu iliyoongozwa na Luca Costantin wa Centro de Astrobiología, taasisi ya Hispania. Katika picha za Webb walikuwa wameikuta galaksi ambayo kwenye orodha ina jina kavu tu: ceers-2112. Nuru yake imesafiri miaka bilioni 11.7 kabla ya kutua kwenye kioo cha darubini. Ilipoanza safari hiyo, Jua halikuwepo, na Dunia haikuwepo. Jua letu lilianza kuwaka miaka bilioni 4.6 tu iliyopita. Ulimwengu wenyewe ulikuwa na umri wa miaka bilioni mbili hivi. Na katikati ya galaksi hiyo changa kulikuwa na kitu ambacho wataalamu wengi hawakutarajia kukikuta mapema kiasi hicho. Kulikuwa na boriti.

Aliyewahi kulala katika nyumba ya mawe ya Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ameziona boriti: magogo ya mikoko yaliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta kubeba dari, na upana wa chumba ukafuata urefu wa mti. Galaksi za aina hii zina kitu kinachofanana na hicho. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi na vumbi, na nyingi zimetandazika kama sinia. Katika baadhi yake, nuru inajipanga kwa mikono iliyojipinda, mfano wa maziwa yaliyomiminwa kwenye chai inayokorogwa. Sasa fikiria sinia hilo likiwa na mstari mnene ulionyooka, unaokatiza kiini kutoka upande hadi upande, na mikono ikianzia kwenye ncha mbili za mstari huo. Mstari huo ndio boriti. Umejengwa kwa nyota, mabilioni yake.

Jinsi unavyojengeka ni jambo la kupendeza. Nyota za sinia huzunguka kiini, na zikiwa zimetulia, karibu kila moja huenda kwenye njia ya duara, bega kwa bega na wenzake. Katika hali hiyo, kasoro ndogo inatosha. Njia chache zinarefuka kidogo na kuwa mfano wa yai. Uvutano wao wa pamoja unazivuta nyota za jirani, nazo zinarefusha njia zao kuelekea upande uleule, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo mvuto unavyozidi. Mwishowe mamilioni kwa mamilioni ya njia ndefu yamelala kwa mwelekeo mmoja, na atazamaye kwa mbali anaona fito la nuru likizunguka kama panga la feni.

Hapo ndipo siri ya boriti ilipo. Inahitaji utulivu. Galaksi changa, inayomiminiwa gesi kila upande na kugongwa na majirani, nyota zake huenda shaghalabaghala, hii juu, ile chini. Kuitafuta boriti humo ni sawa na kutaka kupanga gwaride katikati ya soko la mnada. Ndiyo maana wataalamu waliichukulia boriti kuwa dalili ya utu uzima: galaksi ikishaonyesha boriti, ujue imekwisha kutulia.

Na boriti ikishatokea, inafanya kazi. Katika picha za galaksi kama NGC 1365, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 56 hivi, mistari miwili myeusi ya vumbi inaonekana ikifuata boriti kuelekea katikati. Hapo ndipo gesi inapogongana na kubanwa. Ikigongana hupoteza mwendo wake wa kuzunguka, na kinachopoteza mwendo wa kuzunguka hakina budi kuanguka ndani. Kwa njia hiyo boriti inasomba gesi kutoka sehemu za nje na kuipeleka kwenye kiini. Gesi ikirundikana huko, nyota mpya zinazaliwa kwa wingi, na sehemu yake inaweza hata kulilisha shimo jeusi lililoko katikati. Galaksi yenye boriti inajibadilisha yenyewe kutoka ndani, bila kungoja kugongwa na nyingine.

Historia ya kuzijua galaksi hizi ina mguu mmoja Afrika. Mwaka 1752 shemasi na mnajimu Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, alipima anga la kusini kwa darubini ndogo ambayo lenzi yake haikuzidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Miongoni mwa mawingu hafifu aliyoyaandika lilikuwamo lile linaloitwa leo M83, katika kundi la Shuja. Hakuwa na njia ya kujua kwamba ni galaksi, sembuse kwamba ina boriti. Miaka 83 baadaye, mwezi Desemba 1835, Mwingereza John Herschel alikuwa na familia yake Cape Town, kwenye shamba la Feldhausen, ambako alikuwa amesimamisha darubini yenye urefu wa mita sita na kioo chenye upana wa karibu nusu mita. Usiku mmoja wa mwezi huo aliliona wingu jingine, katika kundi la Nahari. Leo ni NGC 1300, galaksi ambayo picha yake iliyopigwa na darubini ya Hubble imewekwa katika vitabu vingi kama mfano bora wa boriti ya nyota. Mawingu hayo yote mawili yaliandikwa kwa mara ya kwanza na watu waliosimama kwenye ardhi ya Afrika.

Umbo lenyewe lilikuja kueleweka polepole, picha zilipoanza kupigwa kwa vibao vya kioo vilivyoachwa wazi kwa saa nyingi. Mwaka 1918 Heber Curtis wa Marekani alizitenga galaksi hizi kama aina ya pekee. Aliziona zinafanana na herufi ya Kigiriki ϕ, duara lililopigwa mstari katikati. Wakati huo watu walikuwa bado wanabishana kama mawingu hayo yamo ndani ya galaksi yetu au ni galaksi nyingine za mbali. Edwin Hubble aliumaliza ubishi huo kwa nyota moja inayopunguza na kuongeza mwanga, aliyoiona Oktoba 1923 katika galaksi ya Andromeda na kuitumia kupima umbali wake. Mwaka 1926 akachapisha mpango wa kuzipanga galaksi kwa maumbo yake, na zenye boriti akazipa safu ya peke yake, sambamba na zile zisizokuwa nayo.

Leo inajulikana kwamba takriban theluthi mbili ya galaksi za mikono zilizo karibu nasi zina boriti, ama nene ama hafifu. Swali lililobaki ni lini zilianza kuwa nayo.

Jibu linatafutwa kwa kutazama mbali, kwa sababu nuru huchukua muda kufika. Anayetazama galaksi iliyo mbali anaiona ilivyokuwa zamani, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa miaka mingi kabla. Mwaka 2008 Kartik Sheth na wenzake walichapisha matokeo ya kuzihesabu galaksi 2,157 za mikono katika picha za darubini ya Hubble. Miaka bilioni saba iliyopita, waliona, ni asilimia 20 hivi tu zilizokuwa na boriti. Siku hizi ni karibu asilimia 70. Hesabu ilionekana kufuata mantiki: ulimwengu ulikuwa na vurugu, ukatulia, boriti zikaongezeka. Ukiuendeleza mstari huo nyuma hadi miaka bilioni 11, unategemea kutokuta kitu.

Lakini Hubble ilikuwa na upofu wa namna fulani, na hapa inafaa kwenda taratibu, maana ndipo ugunduzi wenyewe ulipojificha.

Chukua raba ya kufungia noti, uchore juu yake mawimbi kwa kalamu, kisha uivute. Mawimbi yanarefuka. Anga lenyewe limekuwa likitanuka tangu mwanzo, na nuru inayopita ndani yake inarefushwa vivyo hivyo. Nuru ya ceers-2112 imerefushwa mara nne. Rangi ambazo macho ya binadamu yangeziona kama yangekuwa huko, njano, chungwa na nyekundu, zinatufikia zikiwa zimeshatoka kabisa kwenye rangi zinazoonekana. Zimekuwa infraredi, ile mionzi tunayoihisi kama joto la jiko bila kuiona. Hubble inaishia mwanzoni tu mwa infraredi. Ilichoweza kukinasa kutoka kwenye galaksi za mbali kiasi hicho ni nuru iliyoanza safari ikiwa urujuanimno, ambayo hutolewa hasa na nyota changa zenye joto kali, zilizotawanyika kwa mabonge mabonge. Boriti kwa kawaida imejaa nyota zilizokwisha kukomaa, za rangi ya chungwa na nyekundu. Hubble ilikuwa inaona taa za sherehe uani, na nyumba yenyewe imebaki gizani.

Webb ilitengenezwa kwa ajili ya infraredi hasa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, dhidi ya mita 2.4 za Hubble, kimegawanywa vipande 18 na kupakwa dhahabu, kwa sababu dhahabu huirudisha infraredi vizuri. Dhahabu yote iliyotumika ina uzito wa gramu 48 hivi, kiasi cha pete chache za harusi. Darubini yenyewe iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, nyuma ya kinga ya jua, kwenye baridi kali inayoizuia kupofushwa na joto lake yenyewe.

Moja ya kazi za mwanzo ilizopewa ni mradi wa CEERS, uliopiga picha kipande kidogo cha anga la kaskazini karibu na mkia wa Dubu Mkubwa. Kipande hicho Hubble ilikuwa imekwisha kukipiga picha miaka mingi kabla, na ndicho kinachofanya ulinganisho uwe mzuri. Mapema mwaka 2023, Yuchen Guo, Shardha Jogee na wenzao wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walionyesha picha mbili za galaksi moja ya humo, EGS-23205. Katika picha ya Hubble ni doa lenye ukungu. Katika picha ya Webb doa hilohilo ni sinia lenye mikono, na katikati yake boriti imelala waziwazi. Ilikuwa inatazamwa kama ilivyokuwa miaka bilioni 11 iliyopita. Ilikuwa mbele ya macho ya watu muda wote huo.

Kisha ikaja ceers-2112, ya mbali zaidi. Costantin na wenzake hawakutosheka na kusema kwamba wanaona mstari. Walichora mistari inayounganisha sehemu zenye mwanga sawa, kuanzia kiini kwenda nje, wakapima jinsi kila umbo lilivyorefuka na lilivyoelekea. Galaksi isiyo na boriti hutoa maumbo yanayobadilika kidogo kidogo. Yenye boriti hutoa maumbo yanayozidi kurefuka yakiwa yameelekea upande mmoja, halafu ghafla yanarudi kuwa mviringo pale boriti inapokwisha na sinia kuanza. Alama hiyo ilikuwepo. Umbali wake waliukadiria kwa kulinganisha mwanga wake katika rangi mbalimbali za infraredi, njia inayotumika sana kwa galaksi hafifu.

Nyota zake zote pamoja zilikuwa na uzito wa majua bilioni 3.9. Ni kidogo ukilinganisha na galaksi yetu ya leo, iliyo nzito zaidi ya mara kumi. Lakini ndicho kiasi ambacho galaksi yetu inakadiriwa kuwa nacho ilipokuwa na umri huo. Kwa hiyo watafiti waliielezea kama mzazi wa aina ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu: galaksi tunayoweza kuitazama na kuona jinsi kwetu kulivyokuwa kabla ya Jua kuzaliwa.

Matokeo hayo yanasukuma mambo mengine nyuma pamoja nayo. Kama boriti ilikwisha kuwepo ulimwengu ukiwa na miaka bilioni mbili, sinia lenye utulivu lilikuwepo kabla ya hapo. Timu hiyo inakadiria kwamba boriti za zama hizo ziliweza kujengeka kwa miaka milioni 400 hivi, na kwamba masinia yaliyotulia yalikuwepo zaidi ya miaka bilioni 12 iliyopita. Vurugu iliyodhaniwa kutawala kila mahali haikutawala kila mahali.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 1973 Jeremiah Ostriker na James Peebles wa Princeton waliziweka nyota za bandia mia chache kwenye kompyuta ya wakati ule na kuziacha zizunguke. Sinia lililoachwa peke yake liligeuka boriti haraka mno. Ili litulie, walilazimika kulizungushia tufe kubwa la kitu kizito kisichoonekana. Hesabu hiyo ikawa moja ya sababu zilizowafanya wanasayansi waanze kuichukulia kwa uzito maada ya giza, ambayo hadi leo hakuna aliyeikamata. Sasa igeuze hoja: boriti ikionekana mapema, huenda maada ya kawaida, nyota na gesi, ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi katikati ya galaksi hiyo, na maada ya giza ikawa na sehemu ndogo tu. Hivyo ndivyo timu ya Costantin inavyodokeza kuhusu ceers-2112. Doa dogo la nuru linatumika kupima kitu kisichotoa nuru kabisa, na kwa maoni ya mwandishi, huu ndio uzuri mkubwa wa kazi yote.

Galaksi moja haitoshi kuandika upya historia, na walioigundua wanalijua hilo. Hesabu nyingine zimeanza kuja. Mwaka 2024 timu ya Zoe Le Conte wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, ilitumia picha za Webb kuzichunguza galaksi za kati ya miaka bilioni 8 na 11.5 iliyopita, na ikakuta boriti karibu mara mbili ya zile zilizokuwa zimeonekana kwa Hubble. Bado ni chache kuliko za leo, kwa hiyo wazo kwamba zimeongezeka kadiri ulimwengu ulivyotulia halijafa. Kilichobadilika ni tarehe ya kuanza.

Ceers-2112 yenyewe hatutaijua ilivyo sasa. Kwa kuwa anga limeendelea kutanuka, leo iko umbali wa miaka ya nuru bilioni 21 hivi, na nuru inayotoka kwake leo haitatufikia kamwe. Huenda imekua ikawa kama kwetu.

Kwetu nako kuna boriti. Ilichukua muda mrefu kuijua, maana tumo ndani ya sinia lenyewe na vumbi limetuziba, kama mtu anayetaka kujua umbo la msitu akiwa amesimama katikati ya miti. Gérard de Vaucouleurs alilidokeza wazo hilo miaka ya 1960. Mwaka 2005 darubini ya infraredi ya Spitzer ilitumika kuhesabu nyota takriban milioni 30 kuelekea kiini cha galaksi, na wanajimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaonyesha kwamba kuna boriti yenye urefu wa miaka ya nuru 27,000 hivi, imelala mshazari kutoka tulipo.

Msomaji anayeishi mbali na taa za mji anaweza kuitafuta mwenyewe. Usiku wa Julai, mwezi ukiwa haupo, atoke nje kwenye saa nne na atazame juu upande wa kusini, kati ya mkia wa Nge na kundi la Mshale, pale Njia Nyeupe inapokuwa pana na nene kuliko mahali pengine popote. Kiini cha galaksi yetu kiko nyuma ya vumbi hilo, umbali wa miaka ya nuru 26,000, na boriti imekatiza hapo.